Kabla ya Jezi, Kiwanja

Mwaka wa uchaguzi unapokaribia, vijana wa mashambani nchini Kenya hawakosi mpira. Mheshimiwa mmoja huleta kombe, mpinzani wake humjibu kwa kombe kubwa zaidi. Jezi hugawanywa zikiwa na sura ya mgombea kifuani, fainali huchezwa mbele ya umati, washindi hupewa fahali au bahasha, kisha hotuba hufuata hadi jua linapozama. Kura zikishahesabiwa, milingoti ya goli huliwa na mchwa na kiwanja hurudi kuwa malisho. Miaka mitano baadaye vijana wengine huanza upya, kwa jezi za rangi nyingine.

Ndithini ni moja ya wadi tano za eneobunge la Masinga, Kaunti ya Machakos. Huku ni Ukambani wa chini, nchi ya joto na mvua ya kubahatisha, ambako watu hulima ndengu, mbaazi, kunde na mahindi, na hufuga mbuzi na ng'ombe wachache. Eneobunge limeitwa jina moja na Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 kwenye Mto Tana na ambalo ni mojawapo ya mabwawa makubwa ya umeme nchini. Lakini kuishi jirani na bwawa si sawa na kuwa na maji ya bomba. Kijana anayebaki nyumbani huendesha bodaboda au husubiri kibarua; mwenzake huelekea Thika au Nairobi. Mahali kama hapa, kuuliza kama mchezo unaweza kuijenga jamii si anasa ya watu walioshiba. Naamini unaweza, kwa sharti moja ambalo karibu kila mfadhili huliruka: wanaocheza wawe ndio wenye kiwanja, wenye ratiba na wenye kanuni.

Swali hilo si geni: hoja ya michezo kuwa chombo cha maendeleo kwa watu wa asili imekomaa zaidi ng'ambo, na ina sura mbili. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa Septemba 2007 huku Kenya ikijizuia kupiga kura, linataja katika ibara ya 31 haki ya watu hao kutunza na kuendeleza michezo yao ya jadi, sawa na lugha na sanaa zao. Mwaka 2015 mji wa Palmas nchini Brazil ulikuwa mwenyeji wa Michezo ya kwanza ya Dunia ya Watu wa Asili. Mwaka huohuo Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza shule za bweni ambako watoto wa wenyeji walitenganishwa na wazazi wao, ilitoa mapendekezo kadhaa yanayohusu michezo pekee. Sura ya pili ni chungu. Katika shule hizohizo mchezo wa kigeni ulitumika kumfundisha mtoto kuacha ya kwao. Mpira uleule ulitumika kuvunja na sasa unatakiwa kujenga, kwa hiyo nguvu haiko ndani ya mpira.

Wakamba si miongoni mwa jamii ambazo kwa kawaida huitwa watu wa asili katika vikao vya kimataifa. Nafasi hiyo nchini Kenya hupewa Waogiek, Wasengwer, Waendorois, Wamaasai, Wasamburu na wengine wachache, na ipo sababu ya kuheshimu tofauti hiyo: sensa ya 2019 ilihesabu Wakamba zaidi ya milioni 4, wakati Waogiek wamelazimika kwenda hadi Mahakama ya Afrika kudai Msitu wa Mau, wakashinda kesi mwaka 2017 na bado wakaendelea kufukuzwa. Hata hivyo Ukambani uliyajua mapema mambo ya kufungiwa ndani ya hifadhi ya wenyeji, kunyang'anywa ardhi na kupangiwa maisha na watu wa mbali. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipoanza kukamata ng'ombe wa Wakamba ikidai ni wengi mno kwa ardhi ile, Muindi Mbingu aliongoza umati hadi Nairobi kulalamika. Serikali ililegeza kamba, ila yeye ikampeleka kizuizini Lamu.

Kabla ya hapo Mkamba alikuwa na mpangilio wake. Kijiji, yaani utui, kilijitambua kwa baraza la wazee wake, mahali pake pa ibada na uwanja wake wa ngoma. Hilo la uwanja si jambo la pembeni. Vijana walikutana pale kucheza ngoma za kuruka na kupinduka ambazo hadi leo zinampa Mkamba sifa ya sarakasi, na hapo ndipo walipopimwa nidhamu, wakachumbiana, wakaonywa na waliowatangulia kwa umri. Upinde nao ulikuwa mazoezi ya maisha, kwa kuwa jamii hii ilisifika kwa uwindaji na shabaha kote Afrika Mashariki. Wakoloni walilijua hilo wakawaandikisha Wakamba kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles (KAR). Mchezo, kazi na ulinzi vilishikana, na uwanja ulikuwa mali ya utui mzima.

Kuna taasisi nyingine ya Ukambani ambayo mtu anayetaka kuzungumza juu ya mchezo na maendeleo huku hana budi kuielewa kwanza, nayo ni mwethya: majirani kukusanyika kufanya kazi ya mmoja wao au ya wote, leo shamba langu, kesho paa lako. Serikali ya kikoloni ilipogutuka kwamba udongo wa Machakos unakwenda na maji, ililazimisha watu kuchimba matuta kwa amri. Watu walichimba wakinung'unika, na matuta mengi yakaachwa yabomoke. Katika miaka ya 1950 mambo yaligeuka. Makundi ya mwethya yaliruhusiwa kujichagulia viongozi na kuamua wenyewe wachimbe kwa nani na lini, wengi wa wanachama wakiwa wanawake. Ndipo matuta ya fanya juu yakaenea kilima kwa kilima. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walifuatilia historia hiyo hadi 1990 katika kitabu walichokitoa 1994, wakaonyesha kwamba idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano katika miongo sita, na bado mmomonyoko ukapungua. Jembe lilikuwa lilelile, na mteremko uleule. Kilichobadilika ni nani aliyeamua.

Naliweka hilo mbele ya kila mradi wa michezo unaoingia wilaya kame kwa gari jeupe. Mradi ukija na mipira, kocha wa wiki mbili, bango na ujumbe ulioandikwa Nairobi, tumerudi kwenye matuta ya amri.

Kwamba mchezo unaweza kuendeshwa kama mwethya, ushahidi uko umbali wa safari ya matatu tu kutoka Ndithini. Mwaka 1987, katika mitaa ya mabanda ya Mathare, Nairobi, ilianzishwa MYSA, chama cha michezo cha vijana, kwa msukumo wa Mkanada Bob Munro. Kanuni iliyokitofautisha na vyama vingine ilikuwa rahisi: timu haikupata pointi kwa kushinda mechi tu. Ilipata pointi pia kwa kusafisha mtaa, kuzibua mitaro na kuzoa taka, na pointi hizo ziliingia kwenye msimamo wa ligi. Timu yenye mshambuliaji hodari isiyoshika ufagio ilijikuta nyuma ya timu ya wastani iliyofanya kazi Jumamosi. Mwaka 1992 chama hicho kilitunukiwa tuzo ya mazingira ya Umoja wa Mataifa iitwayo Global 500. Mwaka 1994 ikazaliwa Mathare United, na mwaka 2008 klabu hiyo ya watoto wa mabanda ikatwaa ubingwa wa Kenya.

Watu wengi wakisimulia habari za Mathare huishia kwenye kombe la 2008. Mimi naona jambo zito liko kwenye kamati. Vijana, wengine wakiwa na umri wa sekondari, ndio waliopanga ratiba, kuamua mashauri ya nidhamu, kufundisha urefa na kugawa misaada ya karo kwa wenzao waliofanya kazi ya kujitolea. Mtoto wa Mathare aliyewahi kuandika kumbukumbu za kikao, kutunza daftari la fedha na kusimama mbele ya timu yenye hasira kuieleza kwa nini imekatwa pointi, amejifunza jambo ambalo shule haina nafasi ya kumfundisha. Miaka ikipita, mtu huyo ndiye anayekuwa mweka hazina wa chama cha maji. Mchezaji mzuri mtaa unamwona siku ya mechi. Mwenye daftari safi unamtegemea mwaka mzima.

Wamaasai wa Amboseli walifika kwenye somo hilohilo kwa njia nyingine. Kwa vizazi vingi morani, yaani kijana wa rika la mashujaa, alijipatia heshima kwa kumuua simba. Simba walipokaribia kwisha, wazee wanaoitwa menye layiok, baba wa morani, waliamua kwamba desturi hiyo iondoke, wakaomba msaada wa shirika la uhifadhi la Big Life kutafuta njia mbadala. Kutokana na ombi hilo ikapatikana Olimpiki ya Wamaasai, iliyoanza mwaka 2012 huko Kimana, ambapo morani wa manyatta mbalimbali hushindana kurusha rungu na mkuki, kukimbia, na kuruka juu wima hadi kichwa kiguse kamba. David Rudisha, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa mita 800, alikuwa mlezi wake. Wasichana nao walipewa mbio zao. Naithamini michezo hii kwa sababu wazo la kuacha kuua simba lilitoka kwa wenye mamlaka juu ya morani, nayo michuano ikajengwa juu ya yale ambayo kijana tayari aliyaheshimu, mkono wenye shabaha na miguu yenye nguvu. Lau shirika lingekuja na mpira wa kikapu na kaulimbiu, simba wangeendelea kuuawa. Lakini hata hapa pana jambo la kuangaliwa: fedha za kuandaa siku hiyo kubwa hutoka nje, na chochote kinachotegemea mfuko wa mgeni hutetemeka mgeni anapopiga chafya, kama korona ilivyoonyesha.

Kule Pokot, Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kushinda mbio za marathoni za New York, mwaka 1994, aliunda wakfu wake wa amani mwaka 2003 na kuanzisha mbio za amani Kapenguria, ambako vijana wa Wapokot, Waturkana na Wamarakwet waliozoea kuibiana mifugo kwa bunduki walikimbia barabara moja. Mbio za siku moja hazikomeshi wizi wa mifugo, wala yeye hakudai hivyo. Zinatoa nafasi ya maadui kulala mji mmoja na kula pamoja bila kupoteza heshima, na wazee wanaotaka kuzungumza hupata kisingizio cha kukutana.

Sasa turudi Ukambani, ambako wakimbiaji hawajawahi kukosekana. Joseph Nzau alishinda Chicago mwaka 1983. Benson Masya alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni, Newcastle 1992. Cosmas Ndeti, mwana wa Machakos, alitwaa Boston mara tatu mfululizo kuanzia 1993 hadi 1995. Patrick Makau, naye wa Machakos, aliweka rekodi ya dunia Berlin tarehe 25 Septemba 2011 kwa saa 2:03:38, akimpokonya Haile Gebrselassie. Mwaka 2024 London ilikwenda kwa Alexander Mutiso Munyao. Kwa kaunti ambazo magazeti huzitaja zaidi yanapoandika kuhusu ukame na chakula cha msaada, orodha hii inastahili kusomwa kwa sauti kila shule ya msingi.

Hata hivyo, ushindi huo haukujenga mji wa riadha Ukambani kama ushindi wa wengine ulivyoujenga Iten. Wengine husema ni mwinuko, kwa kuwa Iten iko karibu mita 2,400 juu ya bahari na Ukambani wa chini ni joto. Mwinuko ni sehemu ya jibu. Sehemu kubwa zaidi ni kwamba Iten kulikuwa na mahali: Shule ya St. Patrick's, ambako Bruda Colm O'Connell alifika mwaka 1976 akakaa, na baadaye kituo cha mazoezi alichokijenga Lornah Kiplagat. Mshindi aliporudi alikuta pa kuwekeza, wa kumfundisha na wadogo wa kumfuata. Mkimbiaji wa Ukambani mara nyingi alipita kwenye jeshi, magereza au kambi ya Ngong, na fedha zake zikafuata alipofanyia mazoezi. Kipaji kilikuwa cha kijiji, lakini taasisi ilikuwa mahali pengine.

Mfano ulio karibu zaidi na Ndithini, na unaonipa moyo, uko Mwala, Machakos hiyohiyo. Wasichana wa shule ya sekondari ya Kwanthanze wameifanya voliboli ya shule za Kenya na Afrika Mashariki kuwa nyumba yao, wakatwaa mataji na kutoa wachezaji wa timu ya taifa. Voliboli haihitaji nyasi wala eka. Inahitaji wavu, mpira, udongo uliosawazishwa, na mwalimu asiyechoka. Ni kweli kwamba shule inayong'ara huvuta vipaji kutoka mbali, hata magharibi mwa nchi, kwa hiyo taji la shule si lazima liwe maendeleo ya msichana wa kijiji jirani. Lakini mzazi wa Machakos aliyeona binti akilipiwa karo kwa sababu ya mkono wake wa kupiga mpira hatasema tena kwamba mchezo ni wa wavulana.

Kwa wasichana, kikwazo cha kwanza ni saa. Jioni, wakati ambapo kiwanja kimepoa, ndio wakati wa kuchota maji na kuwasha moto. Ukame ukiongezeka, mtungi husafiri mbali zaidi na mazoezi hufa. Moving the Goalposts, shirika la soka la wasichana lililoanza Kilifi mwanzoni mwa miaka ya 2000, lililielewa jambo hili kwa Wamijikenda: lilizungumza na wazazi kwanza, likawafanya wasichana wenyewe kuwa marefa, makocha na wanakamati, na likashughulika na mambo ambayo hayana uhusiano na mpira machoni pa mtu wa nje, kama vile taulo za hedhi. Huku Ndithini, programu ya michezo ya wasichana ambayo haina mpango wa maji ni ratiba ya wavulana iliyopakwa rangi.

Upande wa serikali, sheria si haba. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaziachia kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka vilabu visajiliwe. Sheria ya 2015 ya mfuko wa maendeleo wa maeneobunge (NG-CDF) iliruhusu sehemu ndogo ya fedha za eneobunge itumike kwa michezo. Machakos imewahi kuonyesha nia, kwani Uwanja wa Kenyatta ulikarabatiwa ukawa wa kuvutia kiasi cha kuandaa fainali ya kombe la CECAFA, la mataifa ya Afrika Mashariki na Kati, Desemba 2017, Kenya ilipoishinda Zanzibar kwa penalti baada ya sare ya 2-2. Ilikuwa siku ya fahari. Lakini uwanja wa makao makuu ni kama hospitali ya rufaa: unauhitaji, ila hauwezi kuchukua nafasi ya zahanati. Mtoto wa Ndithini hafiki Machakos mjini kufanya mazoezi Jumanne jioni.

Wafadhili wa kibiashara nao wamekuja na kuondoka. SportPesa, kampuni ya kamari iliyoanza Kenya mwaka 2014, ilimwaga fedha kwenye ligi kuu na vilabu vikubwa. Mwaka 2019, katika mgogoro wa kodi na leseni, ikasimamisha udhamini, na wachezaji wakakaa miezi bila mishahara. Kilichobaki vijijini ni kamari yenyewe, ndani ya simu, ambapo kijana anajua zaidi majina ya mabeki wa Uingereza kuliko ya wachezaji wa utui wake na hutumia hela za bodaboda kubashiri. Huo nao ni mchezo ulioingia katika jamii, na unabomoa. Nauona kuwa sababu ya haraka ya kurudisha mechi ya kijirani, ambayo mtu huitazama akiwa amesimama kando ya mstari na kumjua kila mchezaji kwa jina la baba yake.

Kazi ya kujenga jamii kwa mchezo ingefaa ianzie wapi, basi? Si kwenye jezi. Ianzie kwenye ardhi. Viwanja vingi vya mashambani ni vya shule, vya kanisa, au ni vipande vya ardhi ya umma visivyo na hati, na kiwanja kisicho na hati huuzwa, humegwa soko linapopanuka au huwa ploti ya mwenye nguvu. Kupima kiwanja na kukisajili kwa jina la umma ni kazi isiyo na picha nzuri ya kampeni, na ndiyo maana haifanywi. Baada ya hapo ije ratiba inayofuata mvua badala ya kufuata kura. Ukambani hutegemea sana vuli ya Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo mashindano ya Desemba humkuta kijana akipalilia, na timu hulazimika kuchagua kati ya kupoteza mechi na kupoteza ndengu. Agosti ni kavu, shule zimefungwa, mavuno ya msimu uliopita yameshaingia. Ligi ya Agosti inaweza kufuata kanuni ya Mathare kwa sura ya Kikamba: pointi za siku ya mwethya kwenye bwawa la mchanga, matuta au bomba la shule zihesabiwe pamoja na magoli, na kamati ya ligi iwe na wanawake wanaojua siku zipi kisima kina foleni.

Kuna jambo moja la kalenda linaloipa ligi kama hiyo meno. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inaitaka kila kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba. Kamati ya vijana iliyokutana mwezi mzima kwa ajili ya mpira inaweza kufika mbele ya mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti (MCA) kabla ya tarehe hiyo ikiwa na kumbukumbu za vikao, majina ya timu, siku za mwethya zilizofanywa, na ombi lililoandikwa: viwanja vya wadi vipimwe na vipewe hati. MCA akileta jezi, wamshukuru, kisha wamwonyeshe ukurasa wenye ombi hilo na kumwomba atie sahihi.